Istilahi za Dawa Zilizobadilishwa Matumizi

Fomu ya ridhaa ya mgonjwa ni maandishi yasiyostahimili utata. Neno likipotoka humo, mtu huridhia jambo asilolijua. Katika makala haya tutajadili istilahi tatu zihusuzo majaribio ya dawa za zamani kwa magonjwa ya kurithi yanayoua seli za ubongo. Mfano wetu ni ugonjwa wa Huntington.

Ugonjwa huu una jina la George Huntington, daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1872. Jeni inayousababisha ilitambuliwa mwaka 1993. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Dalili aghalabu huanza kati ya umri wa miaka 30 na 50: viungo hurukaruka bila hiari, hulka hubadilika, na akili hufifia.

Kuunda dawa mpya huchukua miaka mingi. Kwa hiyo watafiti hujaribu pia dawa zilizokwisha kutumika kwa maradhi mengine, ambazo vipimo na madhara yake yanajulikana. Kuiita kazi hiyo "kutumia dawa tena" kunaleta picha ya vidonge vilivyobaki kabatini. Twapendekeza *ubadilishaji matumizi wa dawa*, kwa mlinganisho wa kiwanja kinachobadilishwa matumizi: ardhi ni ile ile, kazi yake ni nyingine, na kibali kipya hakina budi kutafutwa.

Haja ya kibali hicho yaonekana katika minosaiklini, ambayo ni antibiotiki. Mwaka 2000 ilitangazwa kuwa imechelewesha ugonjwa katika panya waliotiwa jeni ya Huntington. Jaribio kwa binadamu, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2010, halikuonyesha manufaa ya kutosha kuendelea nalo. Katika jaribio hilo baadhi ya wagonjwa walipewa minosaiklini, na wengine vidonge vilivyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani. Vidonge hivyo visiitwe "dawa bandia", kwani kwa Kiswahili dawa bandia ni ile iliyoghushiwa ili kumdanganya mnunuzi. Mgonjwa aambiwaye kwamba huenda akapewa dawa bandia ana haki ya kuondoka. Twapendekeza *kidonge kitupu*.

Istilahi ya tatu ni fupi nayo ina hatari zaidi. Tetrabenazini ilibuniwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya maradhi ya akili. Mwaka 2008 Marekani iliidhinisha itumike kupunguza mirukoruko ya viungo vya wagonjwa wa Huntington, pamoja na onyo kwamba yaweza kuleta sononi na mawazo ya kujiua. Haizuii seli kufa. Tukiandika "dawa ya Huntington", msomaji ataielewa kama aelewavyo "dawa ya malaria", yaani dawa iponyayo. Familia yaweza kuuza shamba kwa ajili ya uponyaji ambao haupo. Hapa twapendekeza *dawa ya kutuliza dalili*, na kitenzi *kuponya* kihifadhiwe kwa dawa inayoondoa ugonjwa wenyewe. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuuponya ugonjwa huu.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa afya wazijaribu istilahi hizi katika maandishi yao, kisha watuletee maoni, hasa pale wagonjwa wenyewe watakapozielewa vingine.