Jeti Mbili Chini ya Kiti

Pikipiki yangu niliinunua Tanga mjini kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa bwana shamba. Ni Yamaha DT125, injini ya tustroku yenye sentimita za ujazo 123. Waliokulia vijijini wanaujua mlio wake mkali: ulikuwa ukifika kwenye kona kabla ya bwana shamba mwenyewe. "Kijana wangu," mzee aliniambia akinipa ufunguo, "hii haitaki ubishi. Ipe oili, ipe hewa safi." Nikamjibu, "Nimekusikia, mzee." Sikuwa nimemsikia.

Nyumbani kwangu ni Lushoto. Kutoka Mombo ni kilomita 33 hivi za kona juu ya korongo, na unapanda kutoka mita 400 na ushei juu ya bahari hadi kama 1,400. Nilipofika Soni, pikipiki ilianza kukohoa. Lushoto ikawa haivuti kabisa, na plagi nilipoifungua ilikuwa nyeusi na imelowa, kama kitako cha sufuria ya kuni. Fundi wa kwanza alisema tenki ni chafu. Wa pili alitaka ninunue kabureta mpya, na nikaanza kweli kutafuta hela.

Kumbe kabureta ilikuwa nzima. Iliwekwa sawa kwa ajili ya Tanga, basi. Hewa ya huku kwetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 13. Kabureta haina namna ya kulitambua hilo, inaendelea kumimina petroli kana kwamba bado iko pwani. Petroli inazidi, hewa inapungua, moto unakuwa mvivu. Dawa yake ni jeti, kijiskrubu cha shaba chenye tundu katikati, kinachokaa chini ndani ya kabureta. Namba ikiwa kubwa, petroli inapita nyingi. Yangu ilikuwa 130. Nikajaribu 125, kisha 120. Kila mara nilipanda mlima nikiwa nimevuta mafuta hadi mwisho, nikashika klachi na kuzima injini papo hapo, kisha nikafungua plagi. Nyeusi ni petroli nyingi. Nyeupe ni petroli kidogo, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Kwa 120 ilitoka na rangi ya mdalasini. Pikipiki ikawa nyingine kabisa.

Nikavimba kichwa. Mwezi uliofuata nikashuka Tanga na jeti ileile ya mlimani. Baada ya Mombo barabara inanyooka, nami nikavuta mafuta na kuyashikilia. Kabla ya Korogwe injini ilipiga kelele ya chuma, gurudumu la nyuma likakaza, na kilichoniokoa ni vidole vilivyokuwa tayari kwenye klachi. Hewa nzito ya chini, petroli ya kubania: joto lilipanda, pistoni ikavimba na kung'ang'ania silinda. Na kwenye tustroku ya kuchanganya oili kwenye petroli, kama yangu ilivyo sasa, petroli hiyohiyo ndiyo inayobeba oili, kwa hiyo ukiipunguza unapunguza na ulainisho. Ndiyo maana hata mteremko mrefu wa Lushoto siushuki nikiwa nimefunga mafuta moja kwa moja. Kila baada ya kona mbili tatu navuta kidogo ili pistoni inywe.

Silinda ilichongwa, nikaweka pistoni ya saizi ya 50, yaani iliyozidi ya kiwandani kwa nusu milimita. Kwa kuwa injini ilikuwa mezani, nikaona nimalize kazi. Pampu ya oili ilikuwa imechoka, nikaiondoa. Sasa nachanganya mwenyewe, moja kwa 32: mililita 31 za oili kwa kila lita ya petroli. Sipimi kwa kifuniko cha chupa kama wengi wanavyofanya. Natumia bomba la sindano la duka la dawa za mifugo.

Kisha sili za kranki. Sehemu ya chini ya tustroku lazima isivuje hata pumzi, maana mchanganyiko hupita humo kabla ya kupanda juu. Sili ya upande wa sumaku ikivuja, injini inavuta hewa ya wizi na kuungua kama yangu ilivyoungua. Ya upande wa klachi ikivuja, inakunywa oili ya gia na kutoa moshi mweupe. Shemeji yangu ni muuguzi, akanipa kipima presha kilichostaafu. Nikaziba ekzosi na mdomo wa kabureta, nikapampu hadi mshale ukagusa 300, nikapaka povu la sabuni pande zote. Upande wa sumaku povu likacheka. Sili mpya ndogo niliyoweka hapo kwangu ilikuwa na faida kuliko chochote kinachong'aa dukani.

Vijana hunishauri nifunge ekzosi ya mashindano. Wanajua wanachosema: tumbo la ekzosi ya tustroku linarudisha wimbi la msukumo, likisukumia ndani petroli mbichi iliyotaka kutoroka kabla haijaungua. Ila tumbo la mashindano linafanya hivyo injini ikiwa inalia juu sana. Mimi nabeba gunia la kabichi kwenye matope ya njia ya Magamba. Nataka nguvu ya chini. Niliikwangua masizi ile ya zamani, nikapunguza jino moja kwenye sproketi ya mbele, jambo ambalo ni kama kuongeza matatu au manne nyuma. Mwendo wa juu ulipungua, na siukumbuki.

Shokapu nilibadilisha oili ya mbele tu, na nyuma nikakaza springi hadi nikikaa inazama theluthi moja ya safari yake.

Chini ya kiti kuna kopo la dawa lenye jeti mbili, bisibisi na kitambaa. Nikishuka Tanga nasimama Mombo chini ya mti, naweka 130. Nikirudi naweka 120. Ni dakika kumi. Mama wa chai pale siku za mwanzo aliniuliza kama imeharibika tena. Siku hizi akiniona nimeinama, anamimina kikombe na kukiweka juu ya jiwe.