Bruce Lee na Muhammad Ali: Fizikia ya Pambano Lisilopata Kupiganwa

Himo ni mji wa njia panda. Hapo barabara itokayo Moshi hugawanyika: moja hushika njia ya Same na Dar es Salaam, nyingine huelekea Holili na Taveta, na nyingine hupanda kuelekea Marangu. Katika mji wa namna hiyo banda la video halikosi watazamaji, wala watazamaji hawakosi ubishi. Filamu ya Enter the Dragon, iliyotolewa mwaka 1973, imekwisha kutazamwa na baba na hata wajukuu, lakini swali liizungukalo halizeeki: lau Bruce Lee angalikutana na Muhammad Ali, nani angalianguka?

Wawili hao hawakupigana kamwe. Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32. Ali, ambaye alifika Dar es Salaam mwezi Februari 1980, aliishi hadi tarehe 3 Juni 2016. Kwa kuwa pambano halina shahidi, bandani hesabu hufanywa kwa sauti: mwenye koo kubwa ndiye mshindi. Fizikia ina mizani nyingine.

Ali alipopigana na George Foreman mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, alikuwa na kilo 98 hivi. Lee alikuwa na kilo zipatazo 61. Basi uzito wa Ali ulikuwa mara 1.6 ya ule wa Lee. Wapenzi wa Lee hujibu kwa neno moja, kasi, na jibu hilo si la kupuuzwa. Nishati ya kitu kiendacho ni nusu ya tungamo lake ikizidishwa kwa mraba wa kasi. Kasi ikiwa maradufu, nishati huwa mara nne. Ikichukuliwa kwamba ngumi zao zilipishana kwa uwiano ule ule wa miili yao, Lee angehitaji kasi ipitayo ya Ali kwa asilimia 27 tu ili nishati zilingane. Shida ni kwamba Ali naye alisifika kwa wepesi miongoni mwa mabondia wa uzito wa juu, na mikono yake ilipoinyoshwa ilienea sentimita 198. Ili kumfikia, Lee angelazimika kutumia mguu, na ndondi hairuhusu mguu. Kwa hiyo swali la kwanza lingekuwa: wapigane kwa kanuni za nani? Ajabu ni kwamba swali hilo ni nadra kuulizwa.

Sasa lije teke la kuruka, lile ambalo katika filamu humtupa adui hadi akavunja ukuta. Ichukuliwe kwamba Lee, mwili mzima, anakwenda kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde. Momenta yake, yaani tungamo likizidishwa kwa kasi, ni 61 × 5, sawa na 305. Hata akisimama papo hapo baada ya kugonga, na kumwachia Ali momenta yote, Ali hupata kasi ya 305 ÷ 98, yaani mita 3.1 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu akimbiaye polepole. Atapepesuka, labda ataanguka. Ukuta utabaki mzima.

Mwanafunzi mwenye saa ya kupimia sekunde anaweza kuichunguza filamu yenyewe. Mtu akiruka na mwili wake ukapanda mita 1, hukaa hewani sekunde 0.9 tu, kupanda na kushuka. Ili akae sekunde 2 hana budi kupanda mita 4.9, yaani mara mbili ya urefu wa goli la mpira. Kwa hiyo saa ikionyesha sekunde 2, ama mruka ameshikwa na waya, ama picha zimepunguzwa mwendo. Sinema huonyeshwa kwa picha 24 kila sekunde. Zikipigwa 48 na kuonyeshwa 24, muda hurefuka maradufu. Zikipigwa 18, mikono huonekana miepesi kuliko ilivyokuwa.

Kushuka kuna hesabu nzito zaidi. Aangukaye kutoka ukuta wa mita 2 hufika chini kwa kasi ya mita 6.3 kwa sekunde, karibu kilomita 23 kwa saa, awe bingwa au mwanafunzi wa kidato cha pili. Kinachowatenganisha ni umbali wa kusimamia. Akiangukia rundo la maboksi matupu yanayobonyea nusu mita, mwili husimamishwa kwa mchapuko ulio mara 4 ya ule wa mvutano wa dunia. Kichwa kikiangukia sakafu ya saruji na kusimama ndani ya sentimita 1, ni mara 200. Ubongo umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Fuvu likisimama ghafla, wenyewe huendelea na safari hadi ukagonga mfupa.

Watengenezaji wa filamu wanalijua jambo hilo, ndiyo maana hutandika magodoro na maboksi pale ambapo kamera haifiki. Kijana arukaye kutoka ukuta wa shule jioni ileile ameiona miruko yote ya filamu, maboksi hakuyaona.