Kupungua Nguvu Si Kukatika Umeme: Istilahi za Ubovu wa Injini ya Mashua

Miongoni mwa maandishi yanayowatatiza wafasiri wetu ni vitabu vya mwongozo wa mitambo. Tatizo si uhaba wa maneno. Tatizo ni kwamba neno moja la Kiingereza huweza kubeba dhana ambazo Kiswahili kimekwisha kuzitenga. Neno litumikalo kwa nguvu ya injini ndilo hilo hilo litumikalo kwa umeme wa nyumbani, na tena kwa mamlaka ya serikali. Mfasiri asiyeujua mtambo hushika maana aliyoizoea, akaandika kwamba umeme umekatika, ilhali kitabu kilisema kwamba injini imepungua nguvu. Kosa hilo si la mtindo tu. Humpeleka fundi kwenye betri, na ubovu uko katika bomba la moshi.

Ili kulieleza jambo hili tumechagua mfano mmoja: injini ya petroli iliyofungwa tumboni mwa mashua ya matanga. Injini iliyojulikana sana ya aina hiyo ni Atomic 4, iliyoundwa na kampuni ya Universal huko Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Ina silinda 4, na nguvu yake ilitajwa kuwa nguvufarasi 30. Katika miaka ya 1960 na 1970 ilifungwa katika maelfu ya mashua za Marekani, na ingawa uundaji wake ulikoma katika miaka ya 1980, nyingi zinafanya kazi hata leo. Kazi ya injini hiyo ni kusaidia tanga: kuingiza chombo bandarini, au kukivusha penye mkondo upepo unapokufa. Ikishindwa kazi karibu na miamba, nahodha hana nafasi ya kubahatisha maana ya maneno.

Injini haidhoofiki kwa njia moja, na hapana budi kila njia ipewe kitenzi chake.

Kwanza, injini huweza kuzima ghafla, kama iliyofungwa kwa swichi. Dalili hiyo huelekeza kwenye umeme wa kuwashia: waya uliolegea, au koili mbovu. Koili ya namna hiyo huweza kufanya kazi vyema ikiwa baridi, ikashindwa ipatapo joto, kisha ikafaa tena ikipoa.

Pili, injini huweza kukohoa na kufifia. Mwendo hushuka, ukapanda, ukashuka tena. Na fundi akivuta choki kidogo, yaani akipunguza hewa iingiayo katika kabureta, injini hupata nafuu. Hapo petroli haifiki ya kutosha. Huenda kichujio kimeziba, au kitundu cha kabureta kina taka, au maji yamechanganyika na petroli. Huenda pia kipumulio cha tangi kimeziba: petroli haiwezi kuendelea kutoka ikiwa hewa haiingii kushika nafasi yake.

Tatu, injini huweza kuruka, yaani silinda moja haiwaki ilhali nyingine zinawaka. Mafundi wa magari husema injini "inamisi". Sababu huwa plagi chafu, waya mbovu wa plagi, au vali iliyokwama. Vali za Atomic 4 zimepangwa ubavuni mwa silinda, na hukwama mara kwa mara kwa ajili ya kutu, hasa injini ikikaa muda mrefu bila kuwashwa.

Nne, injini huweza kulemewa. Huzunguka vizuri bila gia, lakini ikitiwa gia haifikii mizunguko yake ya kawaida. Fundi hutazama kwanza rafadha, kwani viumbe vya baharini wenye magamba hugandamana nayo na kuifanya nzito. Hapa tahadhari inahitajika, kwa kuwa Kiingereza huweza kutumia neno moja kwa rafadha isukumayo chombo na kwa parafujo ikazayo ubao.

Tano, injini huweza kubanwa pumzi. Bomba la moshi hupitisha pia maji ya chumvi yaliyoipoza injini, nalo huziba polepole kwa kutu na masizi. Moshi usipopata njia ya kutoka, mchanganyiko mpya wa hewa na petroli hauingii wa kutosha. Nguvu hupungua mwezi baada ya mwezi, na mwenye chombo huenda asitambue.

Pamoja na dalili hizo kuna suala la usalama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Wahenga walisema, "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani," na mvuke huo nao marejeo yake ni ngamani. Hapo cheche moja yatosha kulipua chombo. Kwa sababu hiyo kanuni za Marekani hutaka injini za ndani za petroli zilizofungwa baada ya tarehe 25 Aprili, 1940 ziwe na kizuia-mwali kwenye mdomo wa kabureta. Kifaa hicho kikichafuka, hewa hupungua na injini hudhoofika. Ndipo mwongozo unapomwambia fundi akisafishe. Mfasiri akiandika "ondoa kizuizi", injini itapata nguvu, lakini chombo kitakuwa kimevuliwa kinga yake. Vivyo hivyo kuhusu feni ya ngama: onyo la kuiendesha kwa dakika 4 kabla ya kuwasha injini lisifasiriwe kuwa ni kuipasha injini joto.

Tunapendekeza, basi, istilahi hizi zipimwe na wafasiri na walimu wa ufundi:

Kupungua nguvu: injini kutoa nguvu chini ya kiasi chake bila kusimama.
Kuzima: injini kusimama kabisa.
Kuruka mwako: silinda kukosa kuwaka kwa zamu yake.
Kulemewa: kushindwa kufikia mizunguko kwa uzito wa mzigo.
Kipumulio: tundu liingizalo hewa katika tangi.
Kizuia-mwali: kifaa kizuiacho moto usitoke katika kabureta.
Feni ya ngama: feni itoayo mvuke chini ya chombo.

Baadhi ya maneno hayo tumeyaunda. Ngama na rafadha tumeyakuta. Mabaharia wa pwani yetu walikuwa na neno ngama kabla petroli haijafika. Yafaa mfasiri aulize kwanza bandarini na katika gereji, ndipo aketi kuunda neno jipya.