Mzazi, lengo lako lisianze na 'sitaki'

Kila mwaka mpya wazazi wengi hujiwekea ahadi: mwaka huu sitawafokea watoto. Wiki ya pili haijaisha, daftari la hesabu liko mezani, mboga inaungua jikoni, na sauti imeshapanda. Mzazi analala akijilaumu, mtoto analala akiliogopa daftari.

Huenda tatizo si moyo wako, bali namna ulivyolitaja lengo lako.

Katika miaka ya 1970, Richard Bandler na John Grinder wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, nchini Marekani, walianzisha mbinu ya kuoanisha fikra, lugha na mazoea ya mtu, inayofahamika kwa kifupi kama NLP. Mengi inayoyadai hayajathibitishwa na utafiti, na si tiba ya maradhi. Hata hivyo, maswali yake manne kuhusu malengo yanafaa nyumbani.

Kwanza, unataka nini? 'Sitafoka' inakueleza cha kuacha, si cha kufanya mtoto anapokosea. Badala yake sema: 'Akikosea nitavuta pumzi, nitakaa karibu naye na kumuuliza amekwama wapi.'

Pili, je, liko mikononi mwako? 'Mwanangu awe wa kwanza darasani' si jambo unaloweza kulitimiza wewe. Unaloliweza ni kukaa naye dakika 20 baada ya chakula cha jioni, simu ukiwa umeiweka chumbani.

Tatu, utajuaje kuwa umefika? Fumba macho uione jioni hiyo. Sauti yako ikoje? Mtoto amekaaje? Siku atakapoleta daftari mwenyewe bila kuitwa, utajua mmepiga hatua.

Nne, na hili wengi hulisahau: nani atalipa gharama? Baba anayepanga kufanya kazi za ziada hadi usiku ili amalizie nyumba atapata fedha, lakini watoto watamwona lini? Zungumza na mwenzako kabla ya kuamua.

Leo watoto wakishalala, andika lengo moja tu, kwa sentensi moja, ulibandike mahali utakapoliona kila siku.

Na siku utakapofoka, maana itatokea, usiichane karatasi hiyo. Mwombe mtoto radhi, kisha kesho jioni kaeni tena mezani.