Simu Isiyojua Kuna Msiba

Karibu miezi minne baada ya mazishi, kundi la WhatsApp la familia huweza kupata tangazo ambalo hakuna aliyelituma: mama ameondoka. Hakuna aliyemtoa. WhatsApp hufuta akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika, na akaunti ikifutwa, makundi yake yote huarifiwa kwamba mwenyewe katoka. Desemba 2019 hayo yaliwakuta watu wa Kashmir, upande wa India, waliokuwa wamekatiwa intaneti tangu Agosti. Jamaa zao walioko nje walishtuka kuwaona wakitoweka mmoja mmoja. Wale angalau walikuwa hai.

Kwa nini maneno mawili ya mashine yamlize mtu aliyekwisha kumaliza arobaini? Jibu linaanzia kwa panya. Mwaka 2013 maabara ya wanasayansi wa ubongo May-Britt na Edvard Moser mjini Trondheim, Norway, ilichapisha utafiti ambamo panya walikuta kitu mahali fulani ndani ya boksi, kisha kitu kile kikaondolewa. Panya alipopita pale palipobaki patupu, baadhi ya seli za ubongo wake zilitoa ishara kwa nguvu, kana kwamba zinasema: kilikuwa hapa. Siku kadhaa baadaye bado zilikuwa zikisema.

Mwanasaikolojia Mary-Frances O'Connor wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, huutumia utafiti huo kueleza majonzi. Ubongo una ramani ya watu wetu: kila mmoja yuko wapi, atarudi lini, tuko karibu kiasi gani. Mke aliyezoea kusikia geti likifunguliwa saa kumi na mbili jioni anajua mumewe amezikwa. Alikuwepo, alitupia udongo. Lakini saa kumi na mbili ikifika, ramani bado inamngoja. Haifutwi kwa mahubiri wala kwa "jikaze". Hurekebishwa na jioni moja baada ya nyingine ambazo geti halikufunguliwa. Mwaka 2008 O'Connor na wenzake waliupiga picha ubongo wa wanawake 23 waliofiwa na mama au dada kwa saratani ya matiti. Maumivu yalionekana kwa wote, ila kwa wale ambao majonzi yalikuwa yamekwama, kukumbushwa marehemu kuliamsha pia eneo linalohusika na hamu. Walikuwa wakimtamani kama mtu anayekuja.

Kufiwa, basi, ni kujifunza, na teknolojia inaweza kumsaidia mwanafunzi huyo au kumvuruga. Mwaka 2014 Facebook ilimletea Eric Meyer, mtaalamu wa tovuti wa Marekani, muhtasari wa mwaka wake: picha ya binti yake aliyefariki mwaka uleule, imezungukwa na vikaragosi vinavyocheza dansi. Waliouunda muhtasari huo walidhani mwaka wa kila mtu ni sherehe. Radhi iliombwa, na mwaka uliofuata Facebook ikaruhusu mtumiaji kuteua wa kuusimamia ukurasa wake akifa.

Kibanda cha simu cha Otsuchi, Japani, kimesanifiwa kwa akili zaidi. Itaru Sasaki alikijenga bustanini kwake mwaka 2010 baada ya kufiwa na binamu, akaweka simu ya kizamani ya kuzungusha namba, isiyounganishwa popote. Baada ya tsunami iliyoikumba pwani hiyo Machi 2011, maelfu ya wafiwa wamekwenda kusema yao humo. Simu ile haimwiti mtu wala haimjibu. Mfiwa mwenyewe ndiye anayeamua lini aingie, na lini akate.

Programu za akili mnemba zinazoiga marehemu hufanya kinyume. Mwaka 2016 mjasiriamali wa teknolojia Eugenia Kuyda alitumia ujumbe wa rafiki yake aliyefariki, Roman Mazurenko, kuunda programu iliyojibu kwa namna yake. Leo hiyo ni biashara. Ubongo unaojitahidi kurekebisha ramani unapewa marehemu anayejibu usiku na mchana! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walipendekeza mwaka 2024 programu hizo ziwekewe umri wa chini wa watumiaji na njia ya kuzizima kwa heshima. Anayeziuza kama tiba hatofautiani na mganga anayedai kuzungumza na mizimu, ila muuza programu hutoza kila mwezi.

Na zile "hatua tano za majonzi" ambazo mfiwa huambiwa lazima azipitie? Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuongea na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, si wafiwa. Washauri wa mitandaoni bado wanamuuliza mjane yuko hatua ya ngapi. Uzushi mwingine ni kwamba anayesikiliza sauti ya marehemu anaugua. Haugui. Shirika la Afya Duniani huyahesabu majonzi kuwa ugonjwa yakizidi miezi sita, yakipita desturi za jamii ya mfiwa na kumzuia kuendesha maisha. Huyo apelekwe kliniki ya afya ya akili, si kwingine.

Wafiwa wengine wahifadhi sauti za marehemu nje ya WhatsApp na wazime kumbukumbu za picha zinazojitokeza zenyewe. Na kabla ya kuanua matanga, familia imteue mmoja wa kuishika simu ya marehemu, aiwashe mara kwa mara na kuitilia laini vocha, ili kampuni isimpe mtu mwingine namba ile.