Antivirusi ya bure inasema leseni imekwisha: soma hapa kabla ya kutoa pesa

Je, kompyuta unayotumia inakuonyesha ujumbe mwekundu kila ukiiwasha, kwamba leseni ya antivirusi imekwisha? Je, ukibonyeza kitufe cha kuongeza muda inazunguka, inazunguka, halafu inakuambia haikuweza kufika kwenye seva? Kama uko Rumonge, Nyanza-Lac au kijiji kingine cha mwambao huu wa Tanganyika, huenda tayari kuna mtu aliyekuambia umpe faranga ili akuingizie leseni mpya. Usilipe bado.

Habari hii ni kwa wenye sekreteria publiki wanaochapa na kutoa fotokopi kwa mashine za zamani, kwa shule, makanisa na vyama vilivyopewa kompyuta za msaada, na kwa mkimbizi au mrejeaji ambaye hana kompyuta kabisa lakini ana flashi mfukoni.

Tuanze na huyu wa mwisho, maana ndiye anayepoteza zaidi. Januari 2018 maelfu ya watu kutoka Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi wakaingia Rumonge na Nyanza-Lac. Wengine wamevuka kabla yao na baada yao. Warundi wengi wamerudi kutoka kambi za Tanzania, Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Mtu aliyehama mara mbili au tatu anajua karatasi inavyolowa, inavyochanika na inavyosahaulika nyumbani. Kwa hiyo anapiga picha diploma, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na karatasi ya ukimbizi aliyopewa, anaziweka kwenye flashi, halafu anaenda kuzichapa dukani. Flashi hiyo inachomekwa kwenye mashine ambayo tangu asubuhi imepokea flashi za watu wengine wengi. Kama antivirusi ya mashine hiyo imelala, kirusi cha mteja wa kwanza kinaondoka na kila mteja anayemfuata.

Kitu cha bure kinaishaje leseni?

Swali hili tunaulizwa sana, na ni swali la haki. Antivirusi za bure zilizosambaa huku kwa mkono na kwa CD, yaani Avast, AVG na Avira, hazikuwahi kuwa zawadi ya milele. Toleo la zamani la Avast, kwa mfano, lilikutaka ujiandikishe kwa anwani ya barua pepe, likakupa leseni ya mwaka mmoja, na mwaka ukiisha ukajiandikisha tena bila kulipa. Avira nayo ilikuwa na faili dogo la ufunguo lenye tarehe ndani yake. Kampuni ilitaka kujua wangapi bado wanaitumia, na ilitaka nafasi ya kukuuliza kila mwaka kama sasa uko tayari kununua lile toleo la kulipia. Ndiyo maana kitufe cha kulipa huwa kikubwa chenye rangi ya kung'aa, na kile cha kuendelea bure kimejificha pembeni kwa herufi ndogo.

Kisha kampuni zenyewe zikahama mikono. Avast ilinunua AVG mwaka 2016. NortonLifeLock ya Marekani ilichukua Avira mwanzoni mwa 2021, ikaungana na Avast Septemba 2022, na tangu Novemba mwaka huo zote ziko chini ya jina moja, Gen Digital. Matoleo mapya yakabadilisha utaratibu wa kujiandikisha. Yale ya zamani yaliyobaki kwenye mashine za huku yanaendelea kubisha hodi kwenye mlango ambao mwenye nyumba amekwisha kuuhamisha.

Angalia saa kwanza

Kabla ya jambo lolote, tazama pembe ya chini kulia ya skrini. Leo ni tarehe ngapi, mwezi gani, mwaka gani? Kama kompyuta inasema 2009 au 2015, huenda umeshapata tatizo lako, na dawa yake ni bei ya betri moja.

Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ya mviringo, bapa kama sarafu, mara nyingi yenye maandishi CR2032. Kazi yake ni kuitunza saa mashine inapokuwa haina umeme. Betri hii ikifa, kila Regideso wanapokata umeme mashine inasahau mwaka na kurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Huku, ambako umeme unaweza kukatika mara kadhaa kwa siku, mashine kama hiyo haikai na tarehe sahihi.

Tarehe mbovu inaharibu vitu viwili kwa pamoja. Leseni yenyewe inahesabiwa kwa siku, kwa hiyo programu inachanganyikiwa. La pili ni kubwa zaidi: kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kompyuta hukikagua kabla ya kuongea nayo. Ni kama askari wa kizuizini anayekagua attestation yako huku ameshika kalenda ya mwaka 2009. Karatasi yako ni nzima, lakini kwake tarehe yake haijafika, hivyo hakupitishi. Hapo ndipo unaposoma kwamba seva haipatikani, ukadhani tatizo ni Lumitel au Econet, ukanunua megabaiti nyingine bure.

Rekebisha tarehe, hakikisha na saa ni ya Burundi, kisha jaribu tena. Ikikubali leo na kesho ikakataa, badilisha betri. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, toa ile ya zamani na uweke mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kwenye laptopu kazi hii mwachie fundi.

Tarehe ni sahihi na bado inakataa?

Basi tatizo ni umri, wa antivirusi au wa Windows yenyewe. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kila mfumo ukiachwa, watengenezaji wa antivirusi nao huuacha baada ya muda. Kwa Avast, toleo la mwisho kwa XP na Vista ni 18.8. Hata ukipata mtu wa kukuongezea tarehe ya leseni kwenye XP, utapata alama ya kijani juu ya mlinzi asiyemjua mwizi wa mwaka huu. Leseni si ulinzi. Ulinzi ni orodha ya virusi vipya inayoingia kila siku, na injini inayoweza kuisoma orodha hiyo.

Kama mashine ina Windows 10 au 11, habari ni njema: huhitaji leseni ya mtu yeyote. Ndani yake mna Microsoft Defender, ya bure, isiyokuomba ujiandikishe wala kuongeza muda. Watu wengi hawaioni kwa sababu hujiweka pembeni antivirusi nyingine inapokuwapo, hata kama hiyo nyingine ni gofu. Nenda sehemu ya kuondoa programu, ondoa antivirusi ya zamani, washa mashine upya, kisha fungua alama ya ngao karibu na saa uhakikishe Defender imeamka. Ikiwa Avast inakataa kutoka, kampuni yake inatoa bure programu ndogo ya kuing'oa, iitwayo Avast Clear. Usiweke antivirusi mbili kwa wakati mmoja ukidhani zitasaidiana. Zitapigania kila faili, na mashine itatembea kama baiskeli iliyopakia madumu ya mawese kwenye mlima.

Kuhusu Windows 10, wengi wameogopa tangu Oktoba 2025. Ni kweli kwamba mfumo wenyewe haupati tena marekebisho ya kawaida, lakini Microsoft imesema itaendelea kutoa orodha za virusi kwa Defender kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Una muda wa kupanga.

Na megabaiti? Hapa wenye sekreteria wanaweza kushirikiana. Microsoft inatoa orodha nzima ya virusi kama faili moja, mpam-fe.exe, lenye zaidi ya megabaiti 100. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri alipakue kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, aliweke kwenye flashi safi, na mashine zote za jirani zilifungue bila intaneti. Kuna faili la mashine za biti 32 na la biti 64, kwa hiyo angalieni kwanza mna zipi. Mkifanya hivyo kila wiki, mtakuwa mbele ya maduka mengi.

Windows 7 ni kesi ngumu. Defender iliyomo ndani yake ni ya kupambana na programu za kijasusi tu, haizuii virusi vya kawaida. Zamani tuliongezea Microsoft Security Essentials, iliyotoka 2009, lakini Microsoft haiitoi tena. Ushauri wetu kwa Windows 7 na XP ni huu: mashine ikiwa na nguvu ya kutosha, mtafute fundi aiwekee Linux, ambayo ni ya bure, haidai leseni, na inachapa na kufungua PDF vizuri. Kama haiwezekani, iache iwe mashine ya kuandika tu. Isiunganishwe na intaneti, isipokee flashi za wateja, na barua pepe ya mtu isifunguliwe humo.

Wanaouza "leseni"

Kuna vijana wenye ujuzi wa kweli katika mji huu, na kumlipa fundi kwa muda wake si kosa. Lakini mtu akikuuzia ufunguo wa programu ya bure, anakuuzia maji ya ziwa ukiwa ufukweni. Na akitumia kile kiprogramu cha kuvunja leseni, mara nyingi jambo la kwanza atakalokuomba ni uzime antivirusi ili kipite. Jiulize kwa nini. Viprogramu hivyo ni mojawapo ya njia za kawaida za kuingiza kirusi kwa hiari ya mwenye mashine.

Wako pia matapeli wa mbali. Barua pepe au dirisha linaruka likisema Norton au McAfee yako imekatwa mamia ya dola, piga namba hii kurudishiwa. Hata wasio na programu hizo hupata ujumbe huo. Usipige, usibonyeze, funga. Kwenye simu ya Android, tangazo linalosema leseni ya antivirusi ya simu yako imekwisha ni tangazo tu. Ulinzi wa Google Play umo ndani ya simu na hauna leseni.

Bure nayo ina bei yake wakati mwingine. Avast ilikuwa na kampuni tanzu, Jumpshot, iliyouza kumbukumbu za tovuti ambazo watumiaji walitembelea. Ilifungwa Januari 2020 baada ya waandishi wa habari kuifichua, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuitoza Avast dola milioni 16.5. Kwa mtu anayetafuta habari za ukimbizi, za ugonjwa au za ndugu aliyebaki upande wa pili, hilo si jambo dogo. Ukiweka antivirusi ya bure, ingia kwenye mipangilio uondoe alama ya kukubali kushirikisha data.

Faili zangu zimepotea kwenye flashi

Umefungua flashi, unaona folda zako zimegeuka vijialama vyenye kishale, au hazipo kabisa, lakini flashi inasema imejaa. Tulia. Mara nyingi kirusi hakijafuta kitu. Kimezificha faili na kuweka milango bandia mahali pake. Usibonyeze hivyo vishale, maana kila ukibonyeza unakifungulia kirusi. Na usikubali mtu aifomati flashi yako kwanza.

Tafuta kompyuta yenye Defender iliyo hai. Chomeka flashi, ubonyeze kitufe cha kulia juu ya jina lake, uchague kuikagua, na usubiri imalize. Kisha fungua lile dirisha jeusi la amri, andika mstari huu na ubonyeze Enter, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Faili zitajitokeza. Wakati mwingine zimo ndani ya folda moja isiyo na jina, kwa hiyo ifungue nayo. Nakili karatasi na picha zako tu mahali salama, usinakili kitu usichokitambua. Hapo sasa fomati flashi, urudishe vyako.

Ukiwa sekreteria, mwombe mchapaji afute nakala ya karatasi yako mbele ya macho yako, kwenye desktop na kwenye kapu la takataka. Picha ya karatasi yako ya ukimbizi yenye jina, sura na namba haipaswi kulala kwenye mashine ya duka, hata lile lenye antivirusi nzuri.