Kisu cha Douk-Douk: Sahili, Lakini Imara

Kisu cha kukunja kiitwacho Douk-Douk hutengenezwa mjini Thiers, Ufaransa, tangu mwaka 1929. Mpini wake ni bati la chuma lililokunjwa, nao umechorwa mzimu wa Melanesia. Hakina mbao wala vipande vingi. Ndiyo maana hudumu.

Kasoro zake ni mbili. Chuma chake cha asili hunoleka vyema, lakini hushika kutu. Kikaushwe kila kitumiwapo, kisha kipakwe mafuta. Tena hakina kifungo, ila kamani tu. Mtumiaji asisukume kwa ncha, ubapa usije ukamkunjikia vidoleni.

Mnunuzi asihadaiwe na mng'aro. Akifungue, asikilize kamani ikialika, autikise ubapa. Ukichezacheza, fedha zibaki mfukoni.